Inverta haibridi ya Deye kilowati 5 kwenye laini ya LUKU: kabla hujanunua kaangalie na upande wa nguzo

Nimeona watu wanauliza sana kuhusu hizi inverta haibridi za Deye kilowati 5 (mashine inayounganisha paneli za sola, betri na umeme wa mtaani), hasa wenye biashara za mafriza, na majibu mengi wanayopewa ni "nzuri hiyo nunua" afu basi. Mi yangu inafanya kazi dukani Kigamboni, nauza samaki na kuku wa kugandisha, mafriza hayazimwi mchana wala usiku, kwa hiyo ngoja niandike kwa urefu. Na lile ninalotaka mlishike kabla hamjatoa hela nalisema hapa hapa mwanzo: mashine ni nusu ya habari, nusu nyingine ni pale inaposhikana na umeme wa mtaani, yaani mita yako, waya unaotoka nguzoni na transfoma mnayochangia na majirani. Hapo ndo hela inaokoka au inapotelea, na hapo ndo utamjua fundi na asiye fundi.

Nyota zangu: mashine 5, fundi aliyenifungia 5, duka lililoniuzia paneli nalipa nyota 3, na ule mchakato wa kuomba kurudisha umeme kwenye laini naupa 2.

Nilichofunga ni SUN-5K-SG03LP1, ya fezi moja, inatumia betri za volti 48. Paneli 8 za wati 550, jumla kilowati 4.4, na betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 ampia-saa 100, ikijaa ni kama uniti 5. Paneli zote 8 zimeungwa kwa mfululizo, asubuhi zikiwa bado za baridi volti zinakaribia 400, inverta inapokea mpaka 500 kwa hiyo hapo tuko salama, ila huo umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja tu, kama wa betri) sio wa kuchezea kabisa, ukiona fundi hajaweka swichi ya kukatia paneli karibu na inverta msimamishe kazi kwanza. Bei sizitaji, za Kariakoo zinapanda na kushuka kila dola inapocheza, nitakayoandika leo itawadanganya watakaosoma mwakani.

Sasa LUKU. Hili wengi hawalijui na wauzaji hawasemagi. Mita nyingi za kulipia kabla zimetengenezwa kuzuia wizi wa umeme, kwa hiyo umeme ukipita kinyume, ukatoka kwako kwenda nguzoni, hairudi nyuma kama zile mita za zamani za kisahani. Inahesabu vile vile kama umetumia wewe, au inaweka alama kwamba imechezewa na inakukatia. Ona sasa: saa 6 mchana jua kali, mafriza yameshapoa, paneli zinatoa kilowati 3 duka linatumia 1, zile 2 zinakwenda kwa jirani na uniti zako zinashuka. Umempa jirani umeme na wewe ndo umeulipia.

Fundi wa kwanza niliyemwita alitaka kuifunga hivyo hivyo. Kwenye menyu kuna mode inaitwa "Selling First", yaani ziada inauzwa nje kwenye laini, ye akasema tuweke hiyo maana ndo inazikamua paneli mpaka mwisho. Nikamuuliza na mita je? Akasema mita haina shida. Nikamshukuru, tukaachana hapo.

Aliyekuja baada yake hakupanda kwenye bati kwanza. Alienda kwenye mita akaipiga picha, akaufuata waya mpaka nguzoni, akahesabu nguzo mpaka kwenye transfoma, akapima volti za saa ile afu akaniachia kiplagi cha kuonyesha volti niwe namtumia namba za jioni kwa meseji. Ndo akaniambia, "Mama, paneli tutaweka popote, kazi yako kubwa iko huku." Nikampa kazi siku hiyo hiyo.

Alichofanya, aliseti "Zero Export To CT". CT ni kale kasensa kanakobana waya wa laivu karibu na mita, kazi yake ni kuiambia inverta muda wote umeme unaelekea wapi, ikiona unataka kutoka nje inazibana paneli. Kuna mode nyingine, "Zero Export To Load", hiyo inahudumia tu vitu vilivyoungwa kwenye mlango wa LOAD wa inverta, vilivyobaki kwenye laini ya kawaida havipati jua. Mi mafriza na taa na kompyuta ya mauzo viko LOAD, ila AC na pasi ya nyumba ya nyuma viko upande wa laini, ndo maana CT inanifaa zaidi. Kale kasensa kana mshale, kakifungwa kimegeuka inverta inasoma kinyume, unanunua yenyewe inadhani unauza, na apu inakuonyesha namba za ajabu ajabu. Siku ya kwanza zimeni paneli na betri, washeni pasi, angalieni skrini kama inasema mnanunua. Hilo jaribio halichukui hata nusu saa.

Afu kuna sehemu ya "Zero-export Power", pale unaandika wati ambazo inverta itaendelea kununua hata jua likitosha. Kitabu chake kinapendekeza kati ya 20 na 100, sisi tumeweka 50. Kuna mtu atasema hasara, haya tupige hesabu: wati 50 kwa masaa 24 ni uniti 1.2, kwa shilingi 356 kila uniti ni shilingi 427 kwa siku. Hiyo ni kinga, maana inverta nayo haifuati kila badiliko papo hapo, kompresa ya friza ikizima ghafla kuna kipande kidogo cha muda umeme unatoroka nje kabla haijabana, na hizo wati 50 zinaumeza huo mtoroko au sehemu yake. Nailipa hiyo 427 roho safi.

Kwa wanaojiuliza 356 imetoka wapi, ni 292 ya umeme wenyewe, ongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Ndo ile elfu 10 inakupa uniti 28. Na wale mlioko D1, mnaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi kwa bei ya 100 kabla ya makato, nawaambia wazi msifunge huu mtambo kwa kufikiria kuokoa bili, hela haitarudi. Kama shida yenu ni kukatika kwa umeme tu hapo sawa, ila hata hapo betri na inverta ndogo inawatosha.

Kwangu hesabu inakaa. Jua la Dar kilowati 1 ya paneli inakupa kama uniti 4 kwa siku ya kawaida, kwa hiyo 4.4 ni uniti 17 na kitu, shilingi 6,000 na ushee kwa siku. Ila sharti lake ni kwamba zote zitumike humo humo ndani, kwa sababu hairuhusiwi kutoka nje kinachobaki kinapotea bure kwenye paneli. Biashara ya mafriza inafaa sana kwa hilo, mzigo upo mchana kutwa. Tukawa tunagandisha samaki wapya saa 5 mpaka saa 9 badala ya usiku, na hicho peke yake kimeniongezea kuliko paneli mbili za nyongeza zingeniongezea.

Umeme ukikatika je? Hapa mashine imenifurahisha kweli. Kampuni inasema inahama ndani ya milisekunde 4, kifaa cha kupima hilo sina, ninachokiona ni kompyuta haizimi na mafriza yanaendelea. Ila kuna kazi nyingine inafanyika wakati huo huo ambayo huioni, na mi ndo naithamini zaidi: inajitenga na laini. Inverta yoyote inayoshikana na gridi, yaani laini ya umeme wa taifa, lazima iache kusukuma umeme nje pale gridi inapokufa, maana kuna kijana yuko juu ya nguzo, ameshakata kwenye transfoma, anaamini waya umekufa. Umeme wako wa jua ukiingia transfoma kwa kinyume unapandishwa, 400 za huku chini zinakuwa elfu 11 au elfu 33 upande wa pili. Huyo ni mtoto wa mtu. Ndo maana hata inverta za gridi zisizo na betri zinazima umeme ukikatika, jua liwe kali namna gani, watu wanalalamika wametapeliwa kumbe ndo inavyotakiwa ifanye.

Fundi alinionyesha kwa macho. Alizima swichi kuu, akaweka testa kwenye waya unaotoka kwenye mita, kimya, huku taa za duka zinawaka. Dai na wewe uonyeshwe hivyo kabla hujamalizia malipo. Na yeyote anayekushauri kuchomeka inverta au jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande mbili, huyo usimruhusu hata kugusa taa yako.

Kitu kingine ambacho hakuna muuzaji aliwahi kunitajia: inverta ikijitenga, nyutro yake (waya wa kurudishia umeme) inatengana na ile ya laini ambayo imeungwa na ethi (waya wa ardhini) kule kwenye transfoma. Isipoungwa upya na ethi ya hapo kwako, ile breka ya kuokoa mtu asipigwe shoti inaweza isikate. Kwenye menyu kuna kisanduku "Signal Island Mode", ukikiweka tiki inverta yenyewe inaunga nyutro ya LOAD na ethi wakati umeme umekatika, ukirudi inaachia. Mafundi wengi wanakipita kama hawajakiona. Duka la samaki sakafu ina maji muda wote, vijana wanatembea na kandambili zimelowa, siwezi kulifumbia macho hilo. Na ethi yenyewe ipimwe kwa kifaa, kuona tu kuna fimbo imechomekwa ardhini haitoshi.

Jioni sasa. Sisi tuko mwisho wa laini, watu wakirudi wakawasha mafeni, pasi na majiko ya umeme volti zinashuka hata chini ya 190. Inverta ina kipimo chake cha chini, kwangu kiko 185, ikifika hapo inasema gridi haifai, inajitenga na kuhamia betri. Utasikia mtu anasema umeme upo ila inverta inakula betri, ni mbovu hii. Sio mbovu, inaukataa umeme dhaifu, na niwaambie kompresa ya friza inaungua haraka zaidi kwa volti ndogo kuliko kwa umeme kukatika kabisa. Wapo wanaoshusha hicho kipimo mpaka 160 ili inverta "isisumbue", wanaokoa betri wanaua friza.

Tulichofanya sisi ni kupanga muda. Kwenye "Time of Use" betri inalindwa ikae imejaa mpaka saa 12 jioni, kuanzia hapo mpaka saa 4 usiku ndo inabeba duka, baada ya saa 4 mtaa umelala, volti zimerudi, tunanunua. Uniti 4 za betri zinatosha kuvuka yale masaa mabaya. Na ukiangalia vizuri laini ya mtaa nayo inapata nafuu kwa sababu duka langu linakuwa halivuti kitu pale pale wenzangu wanapovuta. Jambo dogo la kuangalia: betri moja ya ampia-saa 100 usiichaji kwa ampia 120 ati kwa sababu inverta inaweza, soma karatasi ya betri, sisi tumeweka 50.

Kuna wanaoniambia siku hizi umeme upo wa kutosha, Bwawa la Nyerere mashine 9 za megawati 235, jumla 2,115, ya kwanza imewashwa Februari 2024, sola ya nini tena? Nafurahi sana lile bwawa kuwepo. Lakini umeme kuwepo Rufiji ni jambo moja, volti 230 kufika kwenye soketi yangu Kigamboni saa 1 usiku ni jambo lingine, katikati kuna transfoma moja na waya mwembamba wa mtaa mzima. Ndo maana naona umeme unaozalishwa mule mule unapotumika una kazi yake hata nchi ikiwa na megawati za kumwaga.

Na ndo maana nataka niruhusiwe kuuza ile ziada ya Jumapili duka likiwa halina mzigo. EWURA ilitoa kanuni za net metering mwaka 2018, mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 anaingiza ziada kwenye laini kupitia mita ya njia mbili na inahesabiwa dhidi ya anachonunua. Na wazalishaji wadogo kushikana na gridi sio jambo geni hapa kwetu, pale Mwenga, Mufindi, mtambo wa maji wa megawati 4 unauza umeme tangu 2012, na kiwanda cha sukari cha TPC Moshi kinachoma mabaki ya miwa kinapata umeme wake na ziada kinaiuza.

Kwa sisi wa kilowati 4 hali ni ngumu. Nilipeleka mchoro wa waya, cheti cha inverta, leseni ya fundi, vyote, kila dirisha nikapewa jibu lake, huyu anasema andika barua upya, huyu anasema hiyo huduma ni ya viwanda, mwingine anasema tusubiri mita. Hakuna aliyenikatalia na hakuna aliyenikubalia. Inauma, kwa sababu kanuni zipo, na mtu anayefuata utaratibu anachelewa wakati yule aliyeweka "Selling First" kimya kimya anaendelea kuhatarisha watu bila mtu kumwuliza.

Ila hoja ya kiufundi ipo na ni ya kweli, tuitazame. Waya wa alumini wa milimita 16 kutoka nguzoni mpaka kwangu tuseme mita 50, kwenda na kurudi ukinzani wake ni kama omu 0.19. Laini ya mtaa ya milimita 50, mita 300 mpaka kwenye transfoma, kwenda na kurudi kama 0.38. Nikisukuma kilowati 4 ni ampia 17 hivi, zidisha, napandisha volti 3 kwenye waya wangu na 6 na ushee kwenye laini, jumla karibu 10. Transfoma ikiwa imewekwa itoe 240 ili sisi wa mwisho tusikose jioni, basi saa 7 mchana dukani kwangu kuna 250. Akija jirani na kilowati 4 zake, na wa tatu, tunavuka 253, ambayo ni asilimia 10 juu ya 230, na hapo inverta nyingi zinajitoa, na wa kwanza kutolewa ni aliye mwisho wa laini. Transfoma za mitaani kawaida hazijirekebishi zenyewe, lazima umeme uzimwe fundi abadilishe hatua ya volti kwa mkono, kwa hiyo huwezi kuwa nayo juu jioni na chini mchana.

Hilo halihitaji kutukatalia, linahitaji kutupangia kiwango. Kwenye hii mashine kuna "Max Sell Power", unaandika 2,000 inauza kilowati 2 haizidi, na betri ikipangwa ichajiwe mchana inameza kilele cha jua. Tuambiwe tu fezi moja mwisho ngapi na kwa volti ngapi tupunguze, ni kazi ya kuandika namba na kuifunga kwa neno la siri. Ujerumani walichelewa kwenye kuseti, inverta zao za zamani zilipangwa zote zijitoe kwa pamoja masafa (kasi ya mapigo ya umeme kwenye gridi) yakifika hezi 50.2, paneli zilipokuwa nyingi wakaona siku hiyo ikifika umeme mwingi sana utapotea kwa mpigo mmoja na gridi inaweza kuanguka, kuanzia 2012 wakaingia kazi ya kurekebisha mitambo zaidi ya 300,000 ambayo tayari iko juu ya mapaa ya watu. Hapa kwetu bado tunahesabika, kuweka namba sahihi sasa hivi ni bei rahisi mno.

Duka la paneli limepata 3 kwa sababu kwenye mzigo walichanganya mbili za wati ndogo, na zikiungwa kwa mfululizo ile dhaifu inazirudisha nyuma zote. Wakabadilisha, lakini baada ya kusukumana. Soma kibandiko nyuma ya kila paneli kabla gari halijaondoka.

Mwenye pampu kubwa ya kisima inayowaka moja kwa moja ajue kwamba inverta za aina hii hazina transfoma nzito ndani, mkupuo wa kuwasha mota unazichosha, muulize fundi kuhusu kifaa cha kuwashia taratibu. Na wenye LUKU ya fezi tatu, hii ya fezi moja ukiifunga itabeba fezi moja tu, mbili zinabaki zinanunua kama kawaida. Hapo ama uhamishie vitu vya muhimu kwenye fezi hiyo, ama ununue ya fezi tatu, au uunge hizi tatu kila moja na fezi yake, na kwenye kuuliza bei ulizia pamoja na CT za fezi zote tatu.